Kopo la Dawa na Moshi wa Moteri: Maneno kwa Watu wa Vijiji vya Tenke

  Siku nyingine tunasema habari ya mahindi na muhogo. Leo nitasema habari ya vitu viwili vya chuma ambavyo vimeingia katika vijiji vyetu: kopo la kupuliza dawa ya mbu, na silansie ya moteri, ndiyo lile kopo kubwa ambamo moshi hupita kabla ya kutoka nje.

Labda mzee mmoja atauliza: Vitu hivi viwili vina ujamaa gani? Nitajibu. Katika kopo kuna hewa iliyofungwa kwa nguvu. Katika moteri pia kuna hewa, tena ya moto, nayo inatoka kwa nguvu. Watu wenye akili walitafuta namna ya kuitoa nguvu hiyo polepole, na wakafaulu. Lakini vyote viwili vinatudanganya. Kopo linaonekana tupu, kumbe si tupu. Moteri inasikika pole, kumbe sumu yake ni ile ile. Watu hufa kwa sababu hiyo.

Tuanze na kopo. Ndani yake kuna dawa, na pamoja na dawa kuna gesi iliyoshindiliwa mpaka imekuwa kama maji. Juu kuna mlango mdogo wenye springi. Kutoka mlangoni hata chini kuna mrija mwembamba. Ukibonyeza kwa kidole, mlango hufunguka. Gesi inasukuma dawa, dawa inapanda katika mrija, inatoka kwa tundu dogo sana, inapasuka kuwa kama umande. Dawa ikipungua, sehemu nyingine ya ile gesi iliyo maji hugeuka kuwa hewa na kujaza nafasi. Kwa hiyo nguvu ya siku ya mwisho ni karibu sawa na nguvu ya siku ya kwanza. Pulizeni kwa muda mkishika kopo mkononi, mtaona linakuwa baridi. Ni kwa sababu gesi ikigeuka kuwa hewa hula joto, kama vile jasho likikauka hupoza ngozi.

Mtu wa kwanza kufikiri kopo la namna hii ni Erik Rotheim, fundi wa Norway. Marekani ilimpa hati ya kazi hiyo mwaka 1931, lakini watu hawakuijali sana. Ndipo ikaja vita kuu ya pili. Askari wa Marekani waliugua malaria katika visiwa vya bahari ya Pasifiki, na mbu waliwashinda. Mabwana wawili, Lyle Goodhue na William Sullivan, wakatengeneza kopo zito la chuma lenye dawa ya mbu, wakapata hati mwaka 1943. Tena sikieni, hao hawakuwa watu wa kiwanda wala watu wa jeshi. Walikuwa watu wa Wizara ya Kilimo. Na dawa yao ilitoka shambani: ua la pareto, ambalo lililimwa sana Kenya na ambalo hukubali vizuri katika milima ya Kivu, pamoja na mafuta ya ufuta, ambayo huongeza ukali wa pareto. Mimi mtu wa kilimo nafurahi kila mara nikisema habari hiyo.

Kopo la vita lilikuwa zito na la bei kubwa. Mwaka 1949 Robert Abplanalp, Mmarekani, alitengeneza mlango mdogo usiovuja na wa bei ndogo, akapewa hati mwaka 1953. Tangu hapo makopo mepesi yalienea duniani: dawa ya mbu, rangi, manukato, mafuta ya nywele.

Tena kuna habari ya gesi yenyewe. Gesi ya zamani haikuwaka moto, na watu waliisifu. Lakini mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba inapanda juu sana na kuharibu ozoni, lile tabaka la hewa linalotukinga na ukali wa jua. Mwaka 1987 mataifa yalikutana Montreal, katika Kanada, yakapatana kuiacha. Ni jambo jema. Lakini sasa makopo mengi hutiwa gesi ya jamaa moja na ile ya kupikia, butani na propani. Na hiyo inawaka.

Basi mama, ukipuliza dawa ya mbu jioni nyumbani, na mbabula yenye makala iko katikati, umande ule unaweza kushika moto mbele ya uso wako. Toa mbabula kwanza, zima na taa ya mafuta, ndipo upulize, utoke, ufunge mlango, ungoje. Usiache kopo juu ya bati penye jua, wala ndani ya gari lililosimama juani. Makopo mengi yameandikwa yasipite joto la digrii 50, na bati la mchana linaweza kupita hapo. Na usitupe kopo katika moto wa takataka. Unasema limekwisha, lakini ndani imebaki gesi. Moto unaipanua, chuma kinashindwa, kinapasuka, na vipande vinaruka kwenye macho ya watoto, maana watoto ndio wanaosimama karibu na moto wa takataka. Wala msilitoboe kwa msumari ili kufanya taa. Libonyezeni nje, mbali na moto, mpaka lisilie tena, mlitie katika shimo la takataka, mbali na kisima, mlifunike kwa udongo.

Pompi ya mgongoni, ile ya kupuliza mahindi kwa ajili ya kiwavi kilichoingia Afrika mwaka 2016, ni ndugu wa kopo, ila nguvu yake inatoka katika mkono wako. Neno lake ni fupi. Toa hewa kwanza, ndipo ufungue kifuniko, usije ukapigwa na dawa usoni. Na tundu likiziba, usilipulize kwa mdomo. Tumia maji na unyasi.

Sasa moteri. Kila mara esansi inapolipuka ndani yake, moshi hutoka mbio, na mbio hizo ndizo zinazolia. Mwaka 1897 Milton Reeves na Marshall Reeves, ndugu wa mji wa Columbus katika Indiana, Marekani, walipata hati ya kopo la kupunguza kelele hiyo. Miaka michache baadaye, mwaka 1909, Hiram Percy Maxim alipata hati ya kunyamazisha bunduki kwa wazo kama hilo, na kampuni yake ikatengeneza silansie za moteri pia. Baba yake ndiye aliyetengeneza bunduki ya Maxim, ile iliyopiga mfululizo na kuua watu wengi katika Afrika. Baba alileta kelele, mwana akatafuta kimya.

Ukiikata silansie utaona vyumba, na mabomba yenye matundu. Moshi unaingia chumba cha kwanza, unapanuka, mbio zake zinapungua. Unapita matundu, unaingia chumba kingine. Sauti nayo inapiga ukuta na kurudi, inakutana na sauti nyingine, zinauana. Mwishoni moshi hutoka kwa utulivu.

Vijana wa moto wengine huiondoa wakisema moteri inapata nguvu. Nguvu inayoongezeka ni kidogo sana, na masikio yanayoharibika hayarudi. Sitasema zaidi juu ya hilo. Lakini jueni kwamba silansie huoza kutoka ndani. Esansi ikiwaka huzaa maji: lita moja ya esansi hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Moteri inayowashwa kidogo na kuzimwa kila mara haipati joto la kuyakausha, na chuma kinaliwa na kutu. Ndipo tundu linafunguka chini, pasipoonekana, na moshi unatoka mahali usipopafikiri.

Hapa ndipo neno lenyewe nililokuja kusema. Silansie inaondoa kelele. Sumu haiondoi. Katika moshi wa esansi kuna gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Ukisikia harufu ya moshi, hiyo ni ya vitu vingine, na ukikosa harufu usiseme umepona. Damu yetu hubeba hewa njema kutoka mapafuni, lakini gesi hii ikija, damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema, wala haiiachi upesi. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili wake unakosa hewa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kulegea. Ninyi mtasema: hiyo ni malaria. Na mtu anapewa vidonge, anarudi kazini mahali pale pale. Basi tazameni hivi: kama watu wawili au watatu walio mahali pamoja wanaugua saa moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikirini moshi kwanza.

Wapi moshi unatuua? Ninyi mnajua. Katika nchi hii ya Lualaba, kutoka Fungurume mpaka Kolwezi, vijana wengi wanachimba shaba na kobalti kwa mikono. Mvua inajaza mashimo, nao wanaleta motopompi. Inashushwa kwa kamba chini ya shimo, inawashwa, na walio chini wanavuta moshi.

Kwa nini wanaishusha? Si kwa upumbavu. Waliiweka juu, ikakataa kuvuta maji. Sababu ni hii: pompi ya kunyonya haiinui maji yenyewe. Inaondoa hewa katika mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Hata kando ya bahari uzito huo unaweza kuyasukuma mita 10 tu na kidogo, moteri iwe kubwa namna gani. Nchi yetu iko juu, zaidi ya mita 1000, na hewa yake ni nyepesi. Kwa kazi hesabuni mita 6, labda 7. Shimo likipita hapo, usinunue moteri kubwa zaidi, fedha itapotea bure. Inafaa pompi ya umeme inayozama ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini. Moteri ya kuzalisha umeme ikae juu, hatua 20 au zaidi kutoka mdomo wa shimo, upande ule upepo unaokwenda, ili moshi usirudishwe shimoni. Nyuzi zisiwe na jeraha hata moja, maana umeme ndani ya maji unaua pia. Kama fedha ya pompi hiyo haipo, kuna ndoo na kamba. Ni kazi ndefu, najua.

Mtu mmoja atasema: Sisi tunashusha mshumaa kwanza, ukiwaka tunashuka. Ndugu yangu, mshumaa unakuonyesha kwamba hewa ya kupumua ipo, basi. Monoksidi haizimi mshumaa. Mshumaa unaweza kuwaka vizuri kando ya mtu anayekufa. Zamani John Scott Haldane, mganga wa Scotland, alishauri wachimbaji wa makaa ya mawe wachukue ndege wadogo katika vitundu. Ndege mdogo hupumua upesi, huanguka kabla ya mtu. Uingereza ilianza kuwaacha ndege hao mwaka 1986, ikaweka vyombo vya umeme vinavyolia. Je, tushushe kuku? Hapana. Kuku ni mkubwa, atachelewa, na gizani hamtamwona. Chombo kidogo cha betri kinachopima gesi hii kinauzwa mijini. Watu kumi wa shimo moja wakichanga, watakipata.

Na kama mwenzenu ameanguka chini? Msishuke. Najua neno hili ni gumu, maana aliye chini ni mdogo wako au shemeji yako. Lakini wa pili huanguka juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili. Kwa hiyo kila anayeshuka afungwe kamba kifuani tangu mwanzo, na watu wawili wakae juu wakiishika, wakimwita kila mara. Asipojibu wanavuta, hawaulizi. Akitoka, mlazeni penye upepo. Kama hapumui, mpulizieni hewa kinywani. Mpelekeni hospitali upesi akapewe oksijeni, na mwambieni mganga: amevuta moshi wa moteri. Maziwa hayatoi gesi hii katika damu, msipoteze saa kuyatafuta.

Nyumba ya kusaga mahindi nayo itazamwe. Moteri ya mazutu hutoa monoksidi kidogo kuliko ya esansi, lakini masizi yake ni mabaya. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya la Ulimwengu walithibitisha kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa. Mama anayengoja unga wake hapaswi kukohoa. Bomba lipite ukutani, litoke juu ya paa. Na mbabula ya makala hutoa monoksidi ile ile bila moteri, basi usilale nayo ndani siku ya baridi ukiwa umefunga mlango.

Nimeleta kamba yenye mafundo, fundo moja kila mita. Wenye motopompi, njoni nazo hapa chini ya mwembe. Tutazigeuza tutazame kutu ya silansie, kisha twende pamoja tukapime mashimo.