Hotuba juu ya Usaha wa Viungo, Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nashukuru kupewa nafasi hii niseme juu ya maradhi ambayo twayaona na kuyadharau, yaani usaha uingiao ndani ya kiungo, kama goti, nyonga au bega.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 6 alipoanza kuchechemea. Tulidhani ameanguka mchezoni. Nyonga ikakandwa kwa maji ya moto, ikachuliwa kwa mafuta, na siku 5 zikapita katika homa. Hospitalini usaha ulitolewa na uhai wake ukaokoka, lakini kichwa cha mfupa kilikuwa kimekwisha kuharibika. Leo ni mtu mzima, na mguu mmoja ni mfupi kuliko wa pili. Hakuna aliyemtakia mabaya; tulimpotezea siku.

Sababu ya kufanya haraka ni hii. Pale mfupa unapokutana na mwenzake umefunikwa na gegedu laini. Vijidudu, na mara nyingi ni vile viitwavyo stafilokokasi, huchukuliwa na damu, pengine kutoka katika jipu au kidonda, hata kiungoni. Usaha ukijaa humo hulila gegedu kwa siku chache, nalo likiisha kuliwa halioti tena kama lilivyokuwa. Katika nyonga ya mtoto, usaha waweza pia kubana mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa.

Daktari hufanya mambo matatu. Kwanza, huvuta maji ya kiungo kwa sindano yakapimwe, ikiwezekana kabla ya dawa kuanzwa. Pili, hutoa usaha na kukiosha kiungo, kwa sindano au kwa upasuaji, maana dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Tatu, hutoa dawa ya kuua vijidudu, kwanza kwa mshipa, kisha ya kumeza, kwa kawaida majuma 2 hata 6. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, haiwezi tena stafilokokasi walio wengi. Hivyo hutumiwa nyingine kama flukloksasilini. Aachaye dawa kwa kuwa homa imepoa aualika ugonjwa urudi. Maumivu yakipungua, kiungo kianze kukunjwa na kunyoshwa kwa maagizo ya daktari, kisije kikakakamaa.

Wazee husema, kawia ufike. Kwa maradhi haya, akawiaye hafiki.

Basi naomba jambo moja. Mtoto au mzee mwenye homa, ambaye kiungo chake kimevimba, kina moto, au hakitaki kuguswa wala kukanyagiwa, apelekwe hospitali siku ile ile. Na nauli yake itoke katika mfuko wetu wa msaada pasipo kungoja kikao. Fedha za mazishi huzipata kwa saa moja. Za kuokoa mguu zisichukue juma.