Tukiambiwa Tuhame, Tuhamie Wapi?

Kila msimu wa mvua unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, redio huisoma, na viongozi huwahimiza wakazi wa mabondeni kuhama. Kisha mvua hunyesha, maji hujaa, na watu wale wale huonekana juu ya mapaa. Wengi wetu husema ni ukaidi. Je, ni ukaidi mtupu?

Chukueni mfano wa Buguruni. Mpangaji wa chumba kimoja bondeni anaamshwa saa nane usiku. Ana watoto watatu, godoro na cherehani inayomlisha. Aende wapi? Nani atailinda cherehani? Nani atambeba bibi mgonjwa wa chumba cha pili? Akikosa majibu, hubaki akiomba maji yasipande. Nayo hupanda.

Tukumbuke Desemba 2011. Jiji lilipata mvua kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Baadhi ya waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao vya Kariakoo. Wako waliorudi bondeni.

Tena mto Msimbazi hauanzii mjini. Maji yake hutoka vilima vya Pugu, hupita kando ya mitaa yetu mpaka baharini pale daraja la Salenda. Mvua ikipiga Pugu, Buguruni inaweza kufurika hata kama kwetu ni manyunyu. Anayesubiri kuona wingu ndipo afungashe, atachelewa.

Upo mradi wa serikali wa bonde hilo, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022. Ni jambo jema. Lakini mradi hauwezi kugonga mlango wa mtu usiku wa manane. Jirani anaweza.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano wakati wa kiangazi, siyo maji yakiwa magotini. Wakubaliane mambo matatu. Kwanza, watu watakimbilia jengo gani, na ufunguo anao nani. Pili, liandikwe daftari la wazee, wagonjwa na walemavu, wapangaji wakiwemo, na kila mmoja apangiwe vijana wa kumtoa. Tatu, wapangwe walinzi wa mali, maana hofu ya wezi huwabakiza watu ndani kuliko ubishi. Mitaro izibuliwe, na anayetupa taka humo aulizwe na majirani zake. Vyeti vya watoto vifungwe kwenye mfuko wa nailoni.

Maji yakishuka, kazi haijaisha. Umeme usiwashwe kabla fundi hajakagua. Maji ya kunywa yachemshwe, kwani vyoo vikifurika huchafua visima, na kipindupindu hakikawii. Misaada ikija, daftari lile lile lisomwe hadharani. Mwenye nyumba hujulikana. Mpangaji asiyeandikwa husahaulika, ingawa naye amepoteza kila kitu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tahadhari ya redio ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni yule mpangaji kujua, kabla ya wingu la kwanza, mlango upi uko wazi kwa ajili yake.