Mkate wa Nyama ya Nguruwe kwa Mtindo wa Kijerumani

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya chakula kipendwacho sana Ujerumani, nacho ni mkate mdogo uliopasuliwa na kutiwa ndani nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Wajerumani, ambao lugha yao ndiyo iliyotupa neno "shule", huiita nyama hiyo Schnitzel, yaani kipande kilichokatwa. Ndugu zetu ambao dini yao imewakataza nguruwe wasidhani tumewasahau, kwa maana nyama ya kuku au ya ndama hupikwa vivyo hivyo.

Kwa watu wanne yatosha ratili moja na robo ya mnofu wa mgongo au wa paja, mayai mawili, kikombe cha unga wa ngano, na vikombe viwili vya mkate mkavu uliopondwa. Kata mnofu vipande vinne, kisha uvipige polepole kwa mchi safi, mpaka unene wa kila kimoja usizidi robo inchi. Tia chumvi na pilipili manga. Chovya kipande katika unga, ukung'ute. Kisha katika mayai yaliyopigwa. Mwisho katika chenga za mkate, bila kuzigandamiza. Kaanga papo hapo, kwani zikikaa zitalowa na kubanduka.

Mafuta na yawe mengi, kina cha nusu inchi. Tumbukiza ncha ya kijiti kikavu. Ukiona mapovu madogo yakikizunguka, mafuta yamekuwa tayari. Dakika mbili au tatu zatosha kila upande. Weka nyama katika mkate uliopakwa haradali, pamoja na tango la achari, na kamulia ndimu kidogo.

Huenda mtu akauliza, "Mbona nyama nyembamba hivyo? Je, si uchoyo?" La, hasha. Sisi tulipokuwa wanafunzi chuoni tulikaanga vipande vinene kama kiganja. Nje vilikuwa rangi ya dhahabu, lakini ndani nyama ilikuwa bado nyekundu. Mpishi mzee akatuondolea sahani, nasi tukanung'unika sana kwa njaa. Leo twamshukuru. Ganda la mkate huiva upesi na kuficha yaliyomo. Kipande kikiwa chembamba, moto hufika katikati kabla ganda halijaungua.

Wajerumani wenyewe walijifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka 1860, tabibu Friedrich Zenker wa mji wa Dresden alionyesha kwamba minyoo midogo, isiyoonekana kwa macho, hutoka katika nyama ya nguruwe na kuweza kumwua mtu. Mwaka 1865, katika kijiji cha Hedersleben, watu mia moja hivi walikufa baada ya kula nyama ya nguruwe mbichi iliyosagwa. Kwa ajili ya misiba ya namna hiyo, nyama ikaanza kukaguliwa kwa hadubini.

Kwetu adui mkubwa ni tegu. Ukiona katika nyama vifuko vyeupe kama punje za mchele, usiinunue, hata ikiwa rahisi. Alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Tena mayai ya tegu hutoka katika choo cha mtu huyo; yakiingia kinywani mwa mwingine kwa mikono michafu au maji machafu, watoto wake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Basi ugonjwa ambao wengi husema ni uchawi, mara nyingine chanzo chake ni choo kisichochimbwa na nguruwe asiyefungiwa zizini.

Kwa hiyo, wasikilizaji wetu, chimbeni vyoo, fungieni nguruwe, na nawieni mikono kwa sabuni. Kisha kateni nyama nyembamba, mkaikaange hata ndani isibaki wekundu, mle kwa furaha pamoja na watoto wenu.