Amri ya Tano na Tumbako ya Vijana

Leo twaendelea na Amri ya Tano: Usiue.

Pengine mmoja wenu atauliza: Kijana avutaye sigara amemwua nani? Tumjibu. Tumbako ina nikotini, nayo hufunga mtu kama kamba. Kijana huanza kwa hiari yake. Baada ya muda si yeye tena aamuaye, bali hamu. Moshi nao huharibu moyo na mapafu, tena huleta kansa. Kila mwaka watu zaidi ya milioni 7 ulimwenguni hufa kwa sababu ya tumbako. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ifafanuapo Amri hii, yatuonya tusipite kiasi katika chakula, pombe na tumbako.

Vijana wetu huanzaje? Mjini, mvulana hununua sigara moja tu kwa mchuuzi wa njiani, akaivuta ili wenzake wasimcheke. Kijijini hakuna haja ya mchuuzi. Tumbako yaota nyuma ya nyumba, na baba aliyeketi chini ya mwembe amwambia mwanawe: “Nenda jikoni, ukaniwashie.” Mtoto ashika kaa la moto, avuta mara mbili isizimike, amletea baba. Somo la kwanza amekwisha kulipata. Mwalimu wake ni nani?

Basi tusiwalaumu vijana peke yao. Wa mjini na wa kijijini watafuta jambo moja: kuonekana wanaume. Hamu hiyo si mbaya. Lakini mwanamume ni yule awezaye kukataa mbele ya wenzake, naye mtumwa wa sigara hawezi.

Hata Vatikano sigara ziliuzwa, nazo zilileta faida. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua biashara hiyo ikome kuanzia mwaka 2018, kwa kuwa yadhuru afya za watu. Yeye aliacha faida. Sisi tutashindwa kuacha mazoea?

Swali: Baba aliyekwisha kufungwa na tumbako afanye nini?

Jibu: Aombe neema ya Mungu, ajaribu kuacha, akianguka, ainuke tena. Wala asione haya kumwambia mwanawe: “Mimi nimefungwa, wewe usifungwe.”

Azimio la juma hili: Sisi wazazi, tusimtume mtoto yeyote kutuwashia wala kutununulia tumbako. Nanyi vijana, mwenzenu akikataa sigara, msimcheke, simameni naye.

Tumsifu Yezu Kristu.