Bustani ya Mimea Amani na Majirani Zake



Nimeombwa kuzungumzia nafasi ya bustani ya mimea katika jamii. Naomba niibane mada hii kwenye bustani moja tu, ile ya Amani wilayani Muheza, kwa sababu hoja za jumla kuhusu bustani za namna hii hupwaya zikikosa mahali pa kushikia. Msimamo wangu ni huu: bustani ya Amani tuipime kwa mimea iliyotoka ndani yake na mahali ilikokwenda. Hesabu ya watalii wanaoingia ije baadaye.

Ilivyoanza

Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na Franz Stuhlmann alikuwa mmoja wa waasisi wake. Shabaha yao ilikuwa wazi: kujua zao gani litaiingizia koloni fedha. Milima ya Usambara Mashariki iliwafaa kwa mvua yake, na pia kwa sababu ukipanda kutoka Sigi, chini ya mlima, hadi Amani hali ya hewa hubadilika njiani, kwa hiyo mti upendao joto ulipata nafasi chini na ule wa baridi ukapandwa juu. Ililetwa mipira ya Amerika, mikwinini, midalasini, mikarafuu, mikafuri na mianzi ya Asia. Reli nyembamba ilipanda kutoka Tengeni hadi Sigi. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ingali imesimama, nayo ndiyo ofisi inayopokea wageni wa hifadhi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za baharini, magome ya mikwinini ya Amani yalitumika kutengeneza dawa ya malaria kwa ajili ya jeshi la Wajerumani. Wenyeji hawakuwa katika hesabu hiyo, isipokuwa kama vibarua. Jina la kijiji cha Mikwinini linatosha kuwa kumbukumbu ya enzi hizo.

Muhogo uliokwenda mbali

Baada ya vita, chini ya Waingereza, utafiti uliendelea, na hapa ndipo Amani ilipotoa kitu ambacho sisi wenyewe hatukisemi vya kutosha. Miaka ya 1930 watafiti Storey na Nichols walikuwa wanahangaika na ugonjwa wa batobato ya muhogo. Ugonjwa wa michirizi kahawia nao ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapo hapo Amani, katika miaka hiyo hiyo. Storey na Nichols walichukua muhogo wa kawaida wakauchanganya na ndugu yake wa karibu, Manihot glaziovii, mti ulioletwa nchini kwa ajili ya utomvu wa mpira. Bei ya mpira ilikuwa imeanguka tangu 1913 na mti ule ulikuwa umebaki shambani bila kazi. Thamani yake ikaonekana upya: ulikuwa na ukinzani ambao muhogo wetu haukuwa nao. Watafiti wakawa wanarudisha mchanganyiko huo kwa muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, hadi wakapata mizizi inayolika. Katika miaka ya 1950 mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria, na aina nyingi za muhogo mkinzani zinazolimwa Afrika leo zina damu ya Amani.

Mkulima wa Muheza anayenunua pingili za muhogo mkinzani kutoka kituo cha mbali hana habari kwamba nyanya yake aliishi jirani na mahali zilipoanzia. Huo nauona kuwa upungufu wetu, wala si wake.

Kisha kituo kikagawanyika. Utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ulipelekwa Nairobi mwaka 1950, na majengo yakaachiwa watafiti wa malaria. Miti haikuweza kuhama. Ilibaki, ikakua, na kwa miongo kadhaa hakuna aliyekuwa na kazi ya kuitunza hasa, mpaka bustani ilipoingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani mwaka 1997.

Iliyotoroka

Miti isiyotunzwa haikai kimya. Maesopsis eminii, ambao asili yake ni upande wa Uganda na Kagera, ulipandwa Amani wakati wa Wajerumani. Matunda yake hupendwa na hondohondo, na ndege hao huruka mbali wakiwa na mbegu tumboni. Wakataji wa mbao walipofungua msitu katika miaka ya 1960 na kuendelea, mti huu ulikuta nafasi tayari, na mingine ya aina hiyo hiyo ikapandwa kwa makusudi ili kuziba mapengo. Leo umeenea Usambara Mashariki mahali ambapo ingesimama miti ya asili. Clidemia hirta, kile kichaka cha majani yenye manyoya na vijitunda vya rangi ya zambarau iliyokolea, nacho kimejaa kandokando ya njia. Chini kidogo, Castilla elastica, mpira wa Meksiko, umeshajichukulia maeneo yake.

Nayasema haya kwa sababu vipeperushi vya wageni huyapita haraka. Msitu huu ndio chanzo cha Mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Mwananchi ana haki ya kujua kwamba sehemu ya tatizo la msitu huu ilitoka ndani ya uzio wa wataalamu, hasa pale anapokaripiwa kwa kukata fito.

Msambu

Sasa nije kwenye mmea ambao ungepaswa kutoka bustanini kwenda mashambani, lakini kasi yake ni ndogo mno. Msambu, Allanblackia stuhlmannii, ni mti wa asili wa milima yetu. Mbegu zake zina mafuta mazito ambayo wenyeji wameyatumia tangu zamani, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yamepata soko la kiwanda. Akina mama na vijana huokota matunda yaliyoanguka, huyapasua, hukausha mbegu na kuziuza. Shida huanza mtu akitaka kupanda wake. Mbegu huchukua miezi mingi kuota, pengine zaidi ya mwaka. Halafu kuna msambu dume na msambu jike, na mche mchanga haukuambii ni upi. Mtu anaweza kusubiri zaidi ya miaka kumi aone maua, ndipo agundue ameulea mti usiozaa.

Dawa yake ni kubebesha: kikonyo cha msambu jike unaojulikana kwa uzazi hupachikwa juu ya mche mdogo. Muheza hatuhitaji mtaalamu kutoka nje kutufundisha kubebesha. Wakulima wa michungwa wamekuwa wakipachika michungwa juu ya milimau kwa miaka, kisu kikali mkononi na ukanda wa nailoni mdomoni. Kinachokosekana ni kitalu chenye misambu jike iliyochaguliwa na kuwekewa kumbukumbu, na hiyo ni kazi ya bustani ya mimea hasa.

Kumbukumbu zenyewe ziwe katika lugha zetu. Peter Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani, alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, na majina hayo hakuyabuni. Aliyapata kwa watu. Kibao cha mti chenye jina la Kilatini peke yake kinamfaa mgeni wa wiki moja. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya jirani asome pale Kilatini, Kiswahili na Kisambaa, na mzee aliyetaja jina aandikwe kuwa ndiye aliyelitaja, kama mwenyewe ameridhia.

Naiomba semina hii ipitishe mambo mawili kabla hatujaagana. Wakala wa Huduma za Misitu na halmashauri za vijiji waanzishe pamoja kitalu cha msambu wa kubebesha ndani ya bustani, miche ya kwanza igawiwe mvua za vuli zitakapoanza. Na usitoke mmea wowote wa kigeni nje ya uzio wa Amani kabla wawakilishi wa vijiji hawajakaa mezani na kuukubali.