Leipzig, Kidia na Bahasha ya Marehemu



Mwaka jana, kwenye kongamano, mwanasosholojia ninayemheshimu alisema Kilimanjaro ya keshokutwa ni Leipzig ya leo. Watu wakishapata shule, umeme na mshahara, kanisa hubaki jengo la kupigia picha za harusi. Ukumbi mzima ulitikisa kichwa kukubali. Usiku ule sikupata usingizi.

Leipzig, Ujerumani, ndiyo iliyotutumia wamisionari wa Kilutheri mwaka 1893. Leo wakazi wake walio wengi hawana kanisa wala dini yoyote. Kufikia mwaka 2022, waumini wa makanisa makubwa mawili ya Ujerumani, la Kiinjili na la Katoliki, walikuwa wamepungua chini ya nusu ya wananchi. Hayo hatubishani. Ninachobisha ni sababu.

Ya Weber na Berger, wanasosholojia waliosema usasa hufifisha dini, mnayajua, na Berger mwenyewe aliikana nadharia yake mwaka 1999. Twende kwenye ushahidi. Kama mali ndiyo inayoua imani, Ujerumani Magharibi ingetangulia kuacha kanisa, maana ndiyo iliyotajirika. Haikutangulia. Makanisa yalivuja zaidi Mashariki, kulikokuwa na uchumi dhaifu. Mtaniambia ni ukomunisti. Mbona Poland nayo ilitawaliwa na wakomunisti, na makanisa yake yakajaa? Tuulize basi dola ya Mashariki iliushika mti wa imani wapi. Iliushika kwenye shina. Kuanzia mwaka 1955 iliweka sherehe yake ya vijana wa miaka 14, Jugendweihe, palepale penye kipaimara. Mzazi aliyekataa alijua mwanawe huenda asifike chuo kikuu. Haikuhitaji kubomoa kila kanisa. Jioni ya Oktoba 9, 1989, kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini Leipzig lilifurika, na watu 70,000 wakaandamana barabarani. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, wengi hawakurudi ibadani. Walikuwa wamepata kimbilio mahali ambapo hawakulelewa.

Hapa naomba mnivumilie, maana nimeishi na Bruno Gutmann miaka thelathini. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na kituo chake kikubwa kikawa Kidia, Old Moshi. Alikaa barazani na wazee wa Kichaga akiwauliza habari za mirathi, mifereji, mahari na viapo, akayaandika kwa subira ambayo bado inanishangaza. Aliona kwamba Mchaga hasimami peke yake: ana ukoo, ana majirani wa mfereji mmoja, ana wa rika lake. Rika nalo lilimshika kwa nguvu. Zamani vijana waliounganishwa na ngao moja walidaiana uhai wao kwa wao. Basi Gutmann akawafunga watoto wa kipaimara katika undugu huo wa ngao: mmoja akiugua, akiyumba au akihama, wenzake ndio walioulizwa kabla ya mchungaji. Waingereza walipomwondoa mwaka 1920, walimu wa Kichaga walizishika sharika miaka aliyokuwa hayupo.

Makosa yake nayajua. Aliupamba ukoo kupita kiasi, aliuogopa mji, na Wachaga wasomi walihisi anawafungia mlango. Nimeyapima yote. Bado nashikilia kwamba alijua kanisa linakokaa.

Je, wingi wa dini ndio unaoiua imani? Takwimu za hakika hatuna, maana sensa yetu haijauliza dini tangu mwaka 1967, lakini Mlutheri wa pwani hajawahi kuishi bila jirani Mwislamu. Manung'uniko ya Waislamu juu ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu hospitali na shule ni madai ya haki, yajibiwe mezani. Hayahamishi muumini hata mmoja.

Kinachomhamisha ni hiki. Ujerumani, mwanachama wa kanisa hulipa asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kama kodi ya kanisa, na kutoka kwake ni kutia saini mbele ya ofisa wa Serikali. Huenda hakuna wa rika lake atakayejua. Sisi tuna namba ya bahasha ya sadaka.

Nilipata kipaimara mwaka 1974, tukiwa watatu tuliokariri Katekisimu chini ya mparachichi mmoja. Mmoja wetu alikwenda Tanga kikazi, akaoa huko, akasilimu. Wa pili alihamia Dar es Salaam na akafia huko miaka minne iliyopita. Tulipofika msibani, mzee wa kanisa alikuwa na daftari mkononi, akitafuta bahasha za marehemu ili ijulikane kama atazikwa na mchungaji. Zilikuwa na pengo la miezi kumi na minne. Hakuna usharikani aliyejua kwamba miezi hiyo yote alikuwa kitandani. Yule wa Tanga alijua. Alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa baada ya swala, na siku ile alisimama nje ya uzio wa kanisa na kofia yake kichwani, akingoja zamu yake ya kubeba jeneza.