Ua wa Chuma katika Mji wa Baridi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mmetutaka tuseme machache juu ya yale tuliyoyaona London siku za baridi. Habari za majumba makubwa na magari yaendayo chini ya ardhi mmekwisha kuzisikia, wala hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tutasema juu ya kitu ambacho mwenyeji hakitazami tena, nacho ni vyuma.

Mwezi wa Desemba jua la London huchwa kabla ya saa kumi ya jioni. Miti imepukutika, na mtu hutembea ameinamisha kichwa kwa ajili ya upepo. Atembeaye hivyo hayaoni mapaa. Huona kilicho sawa na kiuno chake. Nasi tukaona fito za chuma zilizopakwa rangi nyeusi, nyumba baada ya nyumba, zina ncha kama mikuki, na madirisha ya chini yametiwa nondo. Siku ya kwanza tuliambiana, "Huu ni mji wa watu waogopao wezi." Baadaye tuliona kwamba tulikuwa tumehukumu upesi mno.

Nyumba za kale za mitaa kama Bloomsbury zina vyumba vya chini ya ardhi, na mbele yake pamechimbwa nafasi ya kuingiza mwanga. Kazi moja ya ua wa chuma hapo ni kumzuia mpita njia asitumbukie. Kule chini ndiko lilikokuwa jiko, na ndiko walikofanya kazi watumishi. Wao walishuka kwa ngazi yao nyembamba. Bwana alipita mlango wa juu. Mpishi aliyetazama nje kwa dirisha lile aliona miguu ya wapitao. Basi tukajifunza neno la kwanza: fito moja yaweza kuwa ulinzi kwa huyu na kizuizi kwa yule, kwa kadiri ya upande aliosimama.

Neno la pili tulijifunza Hyde Park. Tarehe 23 Julai 1866 wafanya kazi walikwenda kukutana pale ili kudai haki ya kupiga kura, wakakuta malango yamefungwa kwa amri ya serikali. Umati ukausukuma ua, na ua ukaanguka. Mwaka uliofuata, 1867, Bunge lilitoa sheria iliyowapa kura wanaume wengi wafanyao kazi mijini. Hatusemi kwamba sheria ile ililetwa na ua ulioanguka peke yake. Twasema kwamba lango lililofungwa halikuyazuia madai.

Tena tarehe 17 Januari 1908, katika baridi kama ile tuliyoionja sisi, wanawake wawili, Edith New na Olivia Smith, walijifunga kwa minyororo kwenye ua wa nyumba ya Waziri Mkuu, Downing Street, ili wasiondolewe upesi kabla hawajasema lao. Chuma kilichowekwa kuwazuia watu kikawa mimbari yao. Wanawake wa Uingereza walianza kupata kura za Bunge mwaka 1918, lakini si wote. Wakawa sawa na wanaume mwaka 1928.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, serikali ilizitwaa nyua nyingi, hasa tangu mwaka 1941, ili chuma chake kitumike kwa kazi za vita. Hata leo visiki vyake vyaonekana juu ya kuta. Bustani ambazo zamani ziliingiwa na wenye ufunguo tu zikawa wazi kwa kila mtu. Mwaka 1944 mwandishi George Orwell alinung'unika gazetini kwamba nyua, ingawa za mbao, zimeanza kurudi. Na kweli, baadhi ya bustani zile zingali na ufunguo hata leo.

Lakini lililotugusa zaidi tuliliona kusini ya mto Thames, katika mitaa kama Peckham na Deptford. Pale kuna nyua zenye wavu wa chuma, na fito zake zimepinda karibu na ncha. Tuliuliza ni za nini, tukaambiwa kwamba ni machela. Zilitengenezwa kwa chuma wakati wa vita ili kuwachukulia watu walioumizwa na mabomu, na ili zioshwe kwa urahisi. Vita ilipokwisha zilibaki nyingi, zikasimamishwa kuzunguka nyumba za watu wa kawaida. Pale palipopinda ndiyo miguu ya machela. Tulisimama kimya kitambo.

Ndugu wanachama, mtasema, "Haya ya London yatuhusu nini?" Sisi wa pwani twazijua nondo za madirisha tangu utoto, lakini madirisha yetu huwa wazi, upepo hupita na salamu hupita. Tunazozikumbusha leo ni nondo za dirisha la ofisi. Nyuma yake tumekaa sisi watumishi. Mbele yake amesimama mzee aliyetoka mbali kufuata malipo yake, na uso wetu anauona kwa vipande. Kwetu nondo ile ni amana ya fedha za watu. Kwake yeye yaweza kuwa ua wa Hyde Park.

Hatuombi nondo za dirisha la fedha zing'olewe. Mtunza hazina hangetusamehe. Twaomba mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama atoke nje siku moja, asimame katika safu ya watu, alitazame dirisha lake kwa upande wao. Pili, shauri lisilohusu fedha lisikizwe mezani, mbele ya nondo, penye benchi la kukalia.

Chuma hakina nia. Kilekile kilichofunga bustani chaweza kumbeba majeruhi. Nia ni ya yule ashikaye ufunguo, na katika ofisi zetu, mabwana na mabibi, ufunguo tumepewa sisi.